Kereng'ende, vipepeo na ndege wa Moshi na Arusha: wageni wameanza kushuka, tupeane taarifa hapa

Mdau wa Majaruba (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za wikiendi. Humu huwa nasoma sana nyuzi za Serengeti na Ngorongoro na nazipenda, ila leo naleta kitu ambacho hakihitaji gari la kukodi wala kiingilio. Kipo bondeni tu hapa chini ya Moshi mjini, majaruba ya mpunga kuanzia Mabogini mpaka Chekereni, na msimu wake ndio huu, mwisho wa mwezi wa tisa kuingia wa kumi.

Kwa nini sasa hivi? Huko Ulaya na Urusi saa hizi majani yanaanza kupukutika, usiku umekuwa mrefu, baridi inaingia na wadudu wanakwisha. Sasa ndege anayeishi kwa kula wadudu akae huko ale nini, anahama, na wengi wanashuka huku kwetu. Sisi tunaona vumbi tu na kuulizana vuli itaanza lini, pwani wanasema ni demani, kusi imelegea na kaskazi bado haijashika, basi katikati ya hicho kipindi ndio wageni wanaingia na watu wengi hawana habari kabisa.

Jumamosi nilishuka na binti yangu wa darasa la sita pamoja na mzee mmoja jirani ambaye amelima bonde hili tangu mradi wa umwagiliaji wa Wajapani ulipojengwa miaka ya 80. Tumefika jua ndio linachomoza, Kibo nyeupe juu, mfereji mkuu umejaa. Kitu cha kwanza ni mbayuwayu kwenye nyaya za umeme, wamepangana mstari mrefu, wengine wanashuka kuchota maji huku wanaruka. Hao ukiwatazama kwa makini utaona kooni rangi ya matofali na chini yake mkanda mweusi umekata kifua, hao ndio wasafiri, wamezaliwa Ulaya au Asia. Gramu kama 20 tu mwili mzima na wamevuka Sahara. Pale darajani kulikuwa na wengine wenye utosi mwekundu na tumbo jeupe safi bila mkanda, hao ni wenyeji wetu, wapo mwaka mzima na wanajenga chini ya madaraja. Binti aliwatofautisha haraka kuliko mimi nilivyomwelekeza.

Kwenye jaruba lililovunwa lenye tope kulikuwa na vitwitwi, wale ndege wa miguu mirefu wanaotembea haraka haraka wakichoma matope kwa mdomo. Wenye madoa madoa mgongoni wanazaliana kwenye vinamasi vya Skandinavia na Urusi ya kaskazini, wanaanza kufika huku tangu mwezi wa nane. Mzee alisema yeye miaka yote alijua ni ndege wa hapahapa wanaojificha masika. Akakaa kimya kidogo akauliza "sasa mtoto wake anaijuaje njia?" na kwa kweli ni swali zito, maana kwa vitwitwi wa aina hii mama huwa anaondoka mapema sana, watoto wanakuja baadaye wenyewe bila kuongozwa na mzazi. Wamezaliwa na ramani ndani yao. Nimelifikiria hilo njia nzima.

Kereng'ende wao hawana haraka ya kuamka, ukifika mapema utawaona wameganda kwenye majani ya mpunga na umande juu ya mbawa, mpaka jua lipashe mwili ndio wanaruka. Kuanzia saa tatu hivi bonde lote limechangamka. Wapo wekundu wa kung'aa, wapo wa bluu ya vumbi, wapo wenye mabaka meusi kwenye mbawa. Dume mwekundu anachagua kijiti kimoja juu ya maji, akija dume mwingine anamfukuza halafu anarudi kwenye kijiti kilekile, yaani unaweza kukaa mita mbili ukamtazama nusu saa. Jua lilipokuwa kali akainua mkia juu kabisa, ncha inaelekea jua. Hapo anapunguza sehemu ya mwili inayopigwa na jua ili asichemke.

Kilichonifurahisha zaidi aliona binti. Kwenye mashina ya mpunga karibu na maji kuna maganda makavu ya rangi ya udongo, yana miguu sita, mgongoni yamepasuka. Hilo ni vazi la mwisho la mtoto wa kereng'ende. Maisha yake yote ya utoto anaishi chini ya maji anawinda, halafu usiku mmoja anapanda shina, ngozi inapasuka mgongoni, anatoka mwenye mbawa na hamrudii tena huyo mtu wa majini. Tuliyakuta mengi sana kwenye mfereji mmoja mdogo ambao wenyewe hawajaupiga dawa, na mfereji wa jirani yake uliopigwa hatukuona hata moja. Sisemi huo ni utafiti, nasema tulichokiona.

Vipepeo saa tano kwenye tope kando ya mfereji, weupe wenye mishipa ya kahawia wamejazana sehemu moja wananyonya unyevu. Wengi wanaofanya hivyo ni madume, wanatafuta chumvi, na chumvi hiyo wanampelekea jike wakati wa kujamiiana, inakwenda kusaidia mayai.

Karibuni wadau, mwenye eneo lake Moshi au Arusha atiririke.

Chalii wa Sakina

Mkuu uzi mzuri sana huu. Swali la kwanza, kereng'ende anauma? Sisi utotoni tulikua tunaambiwa ukimshika anakung'ata sikio. La pili, hawa wembamba sana kama sindano nao ni kereng'ende au ni mdudu mwingine? Huku mto Themi nawaona sana sehemu ambazo maji bado masafi.

Mdau wa Majaruba

Chalii hana mwiba na hana sumu. Mkubwa ukimbana kwenye vidole anaweza kukung'ata kidogo kwa taya zake, hakuna madhara. Wale wembamba ni ndugu zake wa karibu. Angalia akitua, kereng'ende mnene anaacha mbawa zimefunguka pembeni, wale wembamba wengi wanazikunja pamoja juu ya mgongo. Macho pia, mnene macho ni makubwa na kwa wengi yanagusana juu ya kichwa, mwembamba macho yamekaa mbalimbali. Na hilo la maji masafi umelisema vizuri, baadhi yao wakitoweka mtoni ujue maji yameharibika kabla hata pua yako haijagundua.

Mama Tengeru

Mimi nipo karibu na ziwa Duluti, naomba niongeze. Lile ni ziwa la kreta, limezungukwa na msitu, ukizunguka kwa miguu asubuhi taratibu unamaliza kabla ya saa nne. Mdiria wapo wa aina kadhaa, yupo yule mkubwa mwenye madoadoa anakaa kwenye tawi linaloning'inia juu ya maji, na yule mdogo wa bluu anayepita unasikia tu mlio. Tai mla samaki yupo. Mnandi wanakausha mbawa kwenye miti iliyoanguka majini.

Vipepeo vya Duluti ni vya kivulini, vinakaa chini kwenye majani yaliyooza na matunda yaliyoanguka, hivyo wale mnaotembea mnatazama juu mnavikosa. Kuna vingine vikifunga mbawa huoni kitu, ni jani kavu kabisa, vikifungua unaona bluu. Watoto wa shule wakiletwa pale huwa nawaomba walimu wawape dakika kumi za kukaa kimya tu, hazitoshi lakini wanaona vitu.

Mwezi wa kumi pia miti ya jakaranda Arusha inachanua, najua ni mti wa kuletwa kutoka Amerika ya Kusini, ila simameni chini yake muone nyuki na chozi wanavyohangaika humo.

Mkulima wa Kahe

Nisameheni wadau mimi nazungumza kama mkulima. Ndege mnaowasifia hapa sisi tunakesha nao shambani. Kweleakwelea wakishuka kwenye mtama au mpunga uliokaribia kukomaa, wiki moja huna kitu, watoto wanakosa shule kwa ajili ya kuamia. Ikija ndege ya kunyunyizia dawa tunashukuru Mungu. Sasa mtu akija na darubini kuniambia nisipige dawa namuangalia tu.

Mdau wa Majaruba

Mkulima nakuelewa na sikubishii hata kidogo, kweleakwelea ni janga la kweli, mzee niliyekuwa naye ana historia ndefu nao na anazungumza kwa uchungu kama wewe. Ninachosema ni kwamba kweleakwelea ni ndege mmoja kati ya mamia. Mbayuwayu hagusi punje yako, kitwitwi hagusi, keremkerem hagusi, hao wote wanakula wadudu. Na dawa inayotumika kwa kweleakwelea haichagui, inaua hata kozi na bundi wanaokuja kula mizoga, ambao ndio wangekusaidia na panya. Pale inapobidi inabidi. Ila mfereji wa maji hauna kweleakwelea, kwanini tunaosha mabomba ya dawa mle mle? Hilo tu naomba.

Mkulima wa Kahe

Hilo la kuosha mabomba mferejini nakubali, tunafanya sana na ng'ombe wanakunywa humo humo. Nitalisema kwenye kikao cha skimu ya umwagiliaji.

Ticha Baiolojia

Mdau umeanza vizuri ila umesahau msafiri mkubwa kuliko wote, naomba mnipe nafasi.

Kuna kereng'ende mmoja wa rangi ya dhahabu inayoelekea manjano, mbawa zake zikifunguliwa ni kama sentimita 8, jina la kisayansi Pantala flavescens. Huyu kila mwaka kuanzia mwezi wa kumi anatokea kwa mamilioni Maldivi, visiwa ambavyo karibu havina maji baridi ya juu ya ardhi ya kuzalia. Mwanabaiolojia Charles Anderson aliyekuwa anaishi kule alijiuliza hawa wanatoka wapi na wanakwenda wapi, akakusanya tarehe za miaka mingi, na mwaka 2009 akachapisha hoja yake: wanatoka India, wanapanda juu sana zaidi ya mita 1,000 ambako upepo unaelekea Afrika, wanavuka Bahari ya Hindi na kushukia Afrika Mashariki pamoja na mvua za vuli. Mzunguko mzima kwenda na kurudi alikadiria kilomita 14,000 hadi 18,000, na hakuna anayeumaliza peke yake, wanapokezana vizazi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers wakalinganisha vinasaba vya hawa kereng'ende kutoka nchi za mbali mbali, Asia mpaka Amerika, wakakuta wanafanana mno, ishara kwamba wanachanganyikana dunia nzima.

Sasa akili yake iko hapa. Anafuata mvua kwa sababu anazalia kwenye madimbwi ya muda. Dimbwi la vuli halina samaki wa kumla mtoto wake, ila litakauka, kwa hiyo mtoto anakua mbio, ndani ya wiki sita hivi anaweza kuwa na mbawa. Kereng'ende wengine wanachukua miezi mingi, wa nchi za baridi hata miaka.

Na nyuma yake anakuja kozi mdogo wa Amur, anazaliana Siberia na kaskazini ya China. Madume rangi ya kijivu na miguu ya chungwa. Anavuka bahari hiyo hiyo, kama kilomita 3,000 hivi juu ya maji bila pa kutua, na Anderson alidokeza kwamba huenda njiani anakula hao hao kereng'ende. Mwaka 2013 huko Nagaland, India, walifungiwa vifaa vya setilaiti wakafuatiliwa mpaka Afrika, na hii ilikuja baada ya wanakijiji wa kule kukubali kuacha kuwatega kwa nyavu, mwaka mmoja kabla walikuwa wanauawa kwa maelfu. Ile habari huwa nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Hapa kwetu watafuteni mwezi wa kumi na moja na kumi na mbili, mvua ikinyesha na kumbikumbi wakitoka, tazameni juu.

Chalii wa Sakina

Ticha aisee. Mdudu avuke bahari ya Hindi. Nimemsomea mzee wangu hapa amesema nimsomee tena.

Nesi wa Bondeni

Jamani nami nina neno. Mabogini hiyo hiyo mnayoisifia ndiko mbu wa malaria wamefanyiwa utafiti miaka na miaka kwa sababu ya hayo majaruba. Isije mtu akasoma uzi huu akaona kereng'ende wanatosha kumaliza mbu.

Mdau wa Majaruba

Dada Nesi umefanya vizuri kulisema. Ni kweli mtoto wa kereng'ende anakula viluwiluwi vya mbu majini na mkubwa anakamata mbu hewani, ila mbu wa malaria anauma usiku na kereng'ende wengi ni wa mchana, na jaruba jipya lililojazwa maji jana mbu anatangulia kutaga kabla kereng'ende hajajaa. Ni msaada, sio tiba. Chandarua kila usiku, mtoto akichemka apelekwe akapimwe. Na ukienda kutazama ondoka kabla giza halijaingia.

Asali ya Sanya Juu

Keremkerem mmewataja juu juu. Wale wa Ulaya wenye mgongo wa kahawia na koo la njano wanapita huku kwangu kipindi hiki, unasikia mlio wao juu sana kabla hujawaona, kundi zima. Wanakula nyuki wangu ndio, anamkamata, anamsugua kwenye tawi mpaka mwiba na sumu vitoke ndio anameza. Majirani wanauliza kwanini siwapigi manati. Kundi linakaa siku chache linaendelea kusini, na mzinga wenye afya una nyuki maelfu kwa maelfu. Mimi nakosa nyuki wengi zaidi kwa moto wa vichaka na dawa za mahindi. Waache wale waende salama.

Mpanda Meru

Nimefanya kazi ya kupandisha wageni Meru kwa muda mrefu, naongezea la vipepeo maana limepewa nafasi ndogo. Kuna kipepeo mweusi mwenye mabaka meupe, Papilio sjoestedti, makazi yake ni misitu ya milima yetu hii ya kaskazini tu, Kilimanjaro, Meru na upande wa Ngorongoro. Duniani kote hakuna kwingine. Jina ni la Mswidi Yngve Sjöstedt aliyeongoza msafara wa wanasayansi Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906. Wageni wanamuulizia huyu kwa jina, mimi mtoto wa Meru nilimjua kupitia kwao na hilo liliniuma, ndio maana sasa kila kijana ninayemfundisha kazi naanza naye hapo.

Ukipita msitu wa chini wa hifadhi ya Arusha usiende mbio kuwahi twiga. Na Momela zile ziwa saba kuanzia mwezi wa kumi zinapokea bata wa kutoka kaskazini wanaochanganyika na wenyeji, heroe wanakuwepo kutegemea maji.

Dada wa Marangu

Nimefurahi kusoma. Kwetu kihamba kizima (shamba la nyumbani) ni vipepeo sababu ya mfongo, yaani mfereji wa asili, unaopita katikati ya migomba. Nina maswali mawili, moja bibi yangu husema kipepeo akiingia ndani mgeni anakuja, na la pili ndimu zangu zinaliwa na viwavi vya ajabu, vidogo vinafanana na kinyesi cha ndege, nipige dawa gani?

Mama Tengeru

Mdogo wangu usipige. Huyo ni mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi na manjano anayependa jamii ya michungwa. Akiwa mdogo anajifananisha na kinyesi ili ndege wasimguse, akikua anageuka kijani, ukimgusa anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Mti mkubwa haufi kwa viwavi kumi. Kama ni miche midogo vitoe kwa mkono uviweke kwenye mndimu wa zamani. La bibi usimbishie, muandalie mgeni chai.

Bodaboda Njiro

Naulizia kitu. Mara nyingi mvua zikianza naona kereng'ende anagonga gonga mkia kwenye boneti za magari yaliyopaki hapa kijiweni, hasa meusi. Anafanya nini?

Ticha Baiolojia

Anataga ndugu yangu. Mwanga unaoakisiwa na rangi inayong'aa unafanana kwake na ule wa maji, anadhani ni dimbwi. Mayai yanakaukia pale. Ndio maana naomba wenye viwanja wasifukie kila kidimbwi cha asili, wabakishe hata kimoja chenye majani pembeni na kereng'ende wa kukilinda.

Mdau wa Majaruba

Wadau nashukuru sana, sikutegemea. Tufanye hivi, kuanzia sasa mpaka mwezi wa kumi na mbili kila atakayeona kundi la kereng'ende wa manjano linapita juu, au wale kozi wa Ticha, aandike hapa tarehe, saa, mahali, upepo ulikuwa unatoka wapi na kama kulinyesha. Picha ya simu hata mbovu iweke. Jumamosi ijayo mimi nipo msitu wa Rau, naingilia upande wa mashamba ya mpunga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwenye nafasi aje na viatu vya tope, mkulima wa jaruba tutakalopita nimeshamuomba ruhusa tutembee kwenye kingo zake.

Mkulima wa Kahe

Nitakuja na kijana wangu. Darubini tutaazimana?

Mdau wa Majaruba

Ipo moja, tutapokezana mangi.